Siku moja Gozo na mama mwenye magoti mabovu

Mwaka jana mwezi wa tisa mama alikuja Munich kunitembelea, akitokea Tanga. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Baada ya wiki nzima ya mvua na kukaa ndani ya ghorofa akaniuliza, kwa ule upole wa mtu anayelalamika bila kulalamika, kama huku Ulaya bahari hakuna. Usiku huohuo nikanunua tiketi za Malta, siku nne.

Malta niliichagua kivivu. Iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza aliyopewa na Wajerumani ilitosha ingawa ilikuwa ya kuingia mara moja tu, maana hutoki nje ya eneo lenyewe. Pasipoti lakini tembea nayo, usiiache nyumbani kwa kujiamini. Wanaendesha kushoto kama sisi, soketi za ukutani ni zilezile za pini tatu, urithi wa Mwingereza aliyewapa uhuru mwaka 1964, na Kiingereza ni lugha yao rasmi pamoja na Kimalta. Katika siku zile nne, moja niliipangia Gozo, kisiwa kidogo cha kaskazini, urefu kama kilomita 14 na upana 7. Wenyewe wanakiita Għawdex, unatamka Audesh.

Basi la kundi nilijua halitufai. Mama akienda msalani anakwenda kwa nafasi yake, akipanda ngazi tano anapumzika, na abiria hamsini hawamsubiri mtu mmoja bila kuanza kuguna. Nikatafuta ziara ya peke yetu. Kampuni ya kwanza kunijibu ilitaka yuro 190 kwa siku nzima, kututoa hotelini na kuturudisha. Nikaona bei imekaa vizuri, nikatanguliza yuro 60. Swali sikuuliza hata moja. Mimi huyu ambaye sokoni Mgandini nanunua nyanya nikizigeuza mojamoja.

Siku tano kabla ya safari nikawa namwonyesha mama picha walizotutumia. Moja ilikuwa ya tao kubwa la mwamba limesimama baharini, maji ya bluu yanapita chini yake. Mama akapenda. "Na hapa tutafika?" Nikaingia mtandaoni nijue ni wapi. Tao lile, Azure Window, lilianguka tarehe 8 Machi 2017 kwa dhoruba, likazama lote, nguzo na paa. Watu wananiuzia kitu ambacho kiko chini ya bahari miaka yote hiyo!

Hapo ndipo nilipopiga simu na kuanza kuuliza, na kila jibu likazidi kunifungua macho. Yuro 190 ilikuwa ya gari na dereva. Dereva si mwongozaji. Anakushusha getini, anabaki na gari, wewe unaingia ndani kutazama mawe usiyojua yanasema nini. Malta mtu hajiiti tu mwongoza watalii. Anasoma, anafanya mtihani, anapewa leseni na mamlaka ya utalii, na kitambulisho chake anakivaa kionekane. (Kwetu wengi tunalichukua neno la Kiingereza guide tunasema "gaidi". Sasa jaribu kumwandikia mama yako ujumbe kwamba umempata gaidi mzuri, halafu upite nao uwanja wa ndege.)

Zile sitini hawakurudisha. Niliwabembeleza, nikatishia, nikanyamaza. Kisha nikampata mama mmoja wa makamo, mwenye leseni, mzaliwa wa Gozo: yuro 200 zake, na 180 za gari na dereva anayefanya naye kazi. Jumla 380, na ziliniuma. Safari hii niliuliza yote kabla ya kutuma hata senti. Nani ataingia nasi ndani? Viingilio na nauli ya gari kwenye feri viko ndani ya bei au nje? Chakula chao wanajilipia? Saa zinaanza kuhesabiwa hotelini au bandarini, na tukizidisha inakuwaje? Alijibu kila kitu kwa maandishi: feri ya gari ndani, viingilio juu yetu, chakula chao juu yao, muda wa saa kumi kuanzia hotelini, gari likizidi saa moja yuro 30.

Nikamtumia orodha yangu ya sehemu kumi. Badala ya kunisifu akanirudishia maswali. Mama yako anatembea muda gani kabla hajahitaji kukaa? Kuna vyakula asivyokula? Kuna saa za sala? Niliona haya. Katika barua zote nilikuwa nimeyaficha magoti ya mama kama siri ya familia, nikidhani wakijua watatukataa au watatupandishia bei. Nilipomweleza ukweli akaifyeka orodha ikabaki na sehemu nne, na mbele ya kila moja akaandika choo kiko wapi na benchi liko wapi. Moyoni nilinuna. Nikapiga hesabu: yuro 95 kwa kila sehemu.

Nilitaje na hili hapa, nisije nikasahau: nilimwomba pia atuingize Hypogeum, makaburi ya kale yaliyochongwa chini ya ardhi pale Paola, kisiwa kikubwa. Haiwezekani. Wanaingia watu 80 tu kwa siku, na tiketi zinaisha wiki nyingi kabla. Mwongozaji, hata awe na leseni ya dhahabu, hana mlango wa nyuma. Ukiitaka, nunua hiyo kwanza, tiketi za ndege baadaye.

Ilikuwa Alhamisi. Saa moja na nusu asubuhi walikuwa mlangoni. Kutoka Sliema, tulikofikia, hadi gati la Ċirkewwa si mbali kwa ramani, lakini foleni za Malta si za mchezo, tukatumia saa nzima. Feri yenyewe inavuka kwa dakika 25 hivi. Kwenda hulipi. Nauli inalipwa Gozo wakati wa kurudi, nasi tulilipa yuro 4.65 kila mmoja. Nilipomweleza mama akacheka. "Wanajua huna pa kwenda, utarudi tu."

Dekini mwongozaji akaonyesha maji akasema kwa lugha yao, "baħar." Mama akanigeukia. "Kasema bahari?" Akauliza leo wanaiitaje siku. "Il-Ħamis." Mama akanyamaza, akakaza mtandio wake, na tangu hapo akawa anawasikiliza watu wakiongea kama anayetega redio yenye mawimbi mabovu.

Tulianza na Ġgantija, kule Xagħra, kabla jua halijawa kali. Ni mahekalu mawili ya mawe yaliyojengwa miaka zaidi ya elfu tano iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Misri. Mawe mengine yana urefu wa zaidi ya mita tano. Hapa nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kama mmoja wenu haijui lugha ya mwongozaji, kila hadithi inachukua muda mara mbili, maana lazima uitafsiri. Dakika ishirini za kwanza yule mama wa watu alimwaga historia, mimi nakimbizana naye, mama anashika robo. Mwisho nikamwomba asimulie nusu tu, tena zile nusu zenye watu ndani yake, tarehe aniachie mimi nitasoma. Akabadilika palepale. Akasema wazee waliamini hekalu lilijengwa na jitu la kike, Sansuna, aliyebeba mawe yale huku mtoto akimning'inia begani. Hiyo niliitafsiri kwa raha. Mama akayatazama mawe juu mpaka chini. "Na baba wa mtoto alikuwa wapi?" Swali likarudi kwa Kiingereza, na mwongozaji akacheka hadi akakaa chini.

Victoria, mji mkuu wa Gozo, ndiko yaliko makosa yangu ya viatu na chakula. Ngome ya Ċittadella imejengwa juu ya kilima, na mawe ya njia zake ni ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Mama alivaa makubadhi. Ndiyo viatu anavyoviamini, nami sikutaka kubishana naye asubuhi. Hatua ya tatu mguu ukateleza, dereva akamdaka mkono. Hakuanguka, lakini nusu saa iliyofuata alitembea kama mtu aliyebeba mayai, na ngome tuliiona robo. Viatu vya raba vilikuwa hotelini, ndani ya boksi.

Tulikaa kwenye ukingo wa ukuta, kisiwa chote kiko chini yetu, na mwongozaji akaeleza kisa cha mwaka 1551. Meli za Waosmani, yaani Waturuki, zikiwa na kamanda Dragut zilikizingira kilima hiki, ngome ikasalimu amri, na karibu watu wote wa Gozo, kiasi cha elfu tano, wakachukuliwa utumwani Tripoli. Kisiwa kikabaki kitupu. Nilitafsiri polepole. Mama amezaliwa Pangani, mji ambao misafara ya watumwa iliishia ufukweni. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama waliwahi kurudi. Wachache, waliokombolewa kwa pesa. Na hawa wa hapa, akauliza tena, wao hawakufanya hivyo kwa wengine? Nikasita kutafsiri, nikaona swali la mgeni litaudhi. Nikalitafsiri. Mwongozaji hakujikunyata hata kidogo. Akasema mashujaa wa Mtakatifu Yohana, jeshi la watawa wa Kikristo waliotawala Malta, walikuwa na watumwa Waislamu kwa maelfu, wakawapigisha makasia, na Valletta, mji mkuu wa Malta, kukawa na gereza lao, mpaka Napoleon alipoufuta utumwa huo mwaka 1798. Kwenye basi la watu hamsini swali lile lisingeulizwa.

Njaa ikaingia. Wana kitafunio kinaitwa pastizzi, ukikitazama utadhani sambusa imekwenda shule: ndani jibini laini au njegere. Nilikuwa nimesoma kwamba ya njegere haina nyama, nikaagiza mbili kwa kujiamini. Mwongozaji, kwa kuwa tulishamwambia, akamuuliza muuzaji unga umekandwa na nini. Wakaongea kwa Kimalta. Mama alikuwa ameshaishika yake, mvuke unatoka. Akairudisha kwenye karatasi.

"Kasema shahamu."

Nikamwambia mama, huyu anaongea lugha yake, wewe utajuaje. Mwongozaji akageuka na kutuambia kwa Kiingereza kwamba samahani, hapa wanatumia mafuta ya nguruwe. Neno lenyewe la Kimalta ni xaħam, na hiyo x wanaitamka sh. Wengine wanatumia majarini, kwa hiyo usiyakatae yote, uliza kila duka, na uulizie unga, si kilichomo ndani tu. Mama alikula ftira, mkate bapa wenye samaki jodari, nyanya na zeituni, akaridhika, ila kilichomridhisha zaidi kilikuwa lile neno. Alilirudia mchana kutwa.

Dwejra, mahali lilipokuwa lile tao, upepo ulivuma sana. Kuna ziwa dogo la maji ya bahari, na mashua huwa zinawapitisha watu kwenye pango la mwamba mpaka bahari kuu. Bahari ikichafuka haziendi, na siku hiyo zilikuwa zimevutwa juu. Nilikasirika kama vile nimedhulumiwa. Mama yeye aliona nafasi: akatawadha kwa chupa ya maji, mwongozaji akamtafutia kibla kwenye simu, naye mama akatandika khanga nyuma ya gari upepo usimpige, akaunganisha adhuhuri na alasiri kama msafiri. Dereva alisimama kwa mbali, ameshika zile makubadhi zisipeperuke.

Ta' Pinu ni kanisa kubwa lililosimama peke yake mashambani. Mwaka 1883 mwanamke wa kijijini, Karmni Grima, alisema alisikia sauti ikimwita kwenye kikanisa kilichokuwapo hapo, na tangu wakati huo watu wanakwenda kuomba na kushukuru. Mlangoni nikazuiwa. Mabega yangu yalikuwa wazi, na nilikuwa nimesoma kuhusu mavazi ya kanisani, nikasahau. Mama akatoa mkobani khanga ileile ya sala, kisutu chekundu, akanifunika mabega huku akinong'ona kwamba miaka arobaini na moja na bado navishwa. Ndani, kwenye chumba cha pembeni, ukutani wametundika magongo ya waliopona, nguo za watoto wachanga, kofia za pikipiki, barua. Mama alisimama mbele ya magongo muda mrefu. Magoti hayo, nikajua anachofikiri, sikusema kitu.

Kundi la akina mama wazee walikuwa wanasali rozari. Mmoja anaanza, wengine wanamalizia, kama dua ya pamoja tu. "Sliem għalik, Marija..." Mara ya tatu mama akanishika mkono. Wanatoa salamu. Sliem għalik: salamu iwe juu yako. Na Mungu wakamtaja wakasema Alla. Mama hakuwa na la kuongeza. Alikaa benchi la nyuma mpaka rozari ikaisha, na mimi nikaacha kutazama saa.

Chakula cha mchana tulikula saa tisa, Marsalforn, na hapo tena niliingizwa mjini, kwa kosa langu. Samaki anauzwa kwa uzito. Menyu inaandika bei ya gramu mia. Wewe unaona tarakimu ndogo unafurahi. Walituletea lampuki mzima, mama akamtambua kabla hajafika mezani: "Faulusi huyo." Mtamu kweli. Hesabu ilikuja yuro 74 kwa watu wawili. Mwambie amweke samaki kwenye mizani mbele yako, ataje bei, ndipo aende jikoni. Mwongozaji angeniambia, lakini nilimwacha akale na dereva sehemu yao, nami sikuuliza.

Kisha ikaja sehemu ambayo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Victoria mama alikuwa ameona vifuko vya chumvi dukani, akauliza inatoka wapi. Mwongozaji aliikumbuka ile saa ya mashua tuliyoiokoa. Dakika chache kutoka Marsalforn ni Xwejni, na ufukwe wote umechongwa visima vya mraba kwenye mwamba, mamia kwa mamia, maji ya bahari yanaachwa yakauke. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Tanga. Mimi nilikuwa nimelisikia hilo tu. Sikuwahi kumwona mama akichuchumaa, na magoti yale, kwenye ukingo wa kisima, akipitisha kidole chini, akionja. "Hii bado," akasema. "Ina uchungu. Wasiivune." Mzee aliyekuwa akikusanya chumvi kwa ufagio akasimama kumtazama. Nikatafsiri kwa Kiingereza, mwongozaji akampa kwa Kimalta, na mzee akacheka akatikisa kichwa kukubali. Akamwita kisima cha pili, akamwonyesha iliyoiva. Walikaa pale wawili karibu saa nzima, kila mmoja na lugha yake na mikono yake. Mama alimwonyesha jinsi watu wa kwao walivyokuwa wakiivuta kwa mbao badala ya ufagio. Mimi na dereva tulikaa kwenye gari tukiangalia ile saa ya ziada inavyokatika, yuro 30, na ndizo yuro pekee za siku ile ambazo sikuzihesabu.

Ukiweka na zile sitini zilizokwenda bure, siku ilinitoka karibu yuro 600. Ni pesa nyingi, nami nisingeirudia kila mwaka.

Kwenye feri ya kurudi, jua limeanza kushuka, tukakaa ndani mezani nimlipe mwongozaji salio lake. Nusu nilituma benki, nusu nilimwahidi taslimu. Nikatoa noti za yuro ishirini, naye akaanza kuziweka moja juu ya nyingine, akihesabu kwa sauti ya chini kwa lugha yake, kama mtu anavyohesabu pesa popote.

"Għoxrin," akasema. Ile għ haisikiki, nikasikia oshrin.

"Ishirini," mama akasema.

Mwongozaji akainua macho. Akaweka ya pili. "Erbgħin."

"Arobaini."

"Sittin." "Sitini." "Tmenin." "Themanini." Sasa walikuwa wanacheka wote wawili, na meza ya jirani imegeuka.

"Mija."

"Mia," mama akasema, akanigonga kiwiko. "Mwongezee."

Nikatoa moja. Mwongozaji akataka kukataa, mama akaichukua mkononi mwangu akaiweka juu ya zile tano mwenyewe, akamtazama, akingoja.

"Mija u għoxrin."

"Mia na ishirini."